Propela Uliyoifunga Kinyume

Mpendwa baba mkwe,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia, lakini tangu siku ya kwanza sijathubutu kuanza maneno nawe bila shikamoo, na sitaanza leo ati kwa sababu umekufa.

Barua hii nakuandikia waziwazi. Jumamosi unatimiza mwaka, na watu wote watakusanyika hapa nyumbani Kuruwitu. Mama mkwe ameshaagiza nazi na mchele, mahema yameombwa kanisani, na Kazungu, mwanao mkubwa, amepata likizo yake huko Doha na atakuwepo. Huyo Kazungu hajanisemesha tangu tulipokuzika. Salamu zake hupitia kwa Sidi mke wangu, na zikifika kwangu zimebaki jina tu. Anaamini nilikutoa hospitali kwa shauri langu mwenyewe, nikamficha, ukafa yeye hana habari. Nami nimenyamaza mwaka mzima. Juzi Sidi akanijia na karatasi na kalamu, akaviweka mezani, akaniambia, "Ama unasema wewe, ama nasema mie." Unamjua mwanao. Basi nitasema, na nitaisoma barua hii mbele ya watu, Kazungu akiwa hapo amekaa.

Ila siwezi kuanza na hilo. Wewe mwenyewe ungenikataza. Ulikuwa ukisema mtu akianza na kilio, watu hawasikii maneno. Acha nianze na betri.

Ilikuwa betri iliyovimba. Wakati huo nilikuwa na kibanda changu cha kutengeneza simu pale Kilifi, karibu na soko, mgeni kutoka Vitengeni, sijui mtu. Mchana mmoja akaja msichana amebeba kopo la maziwa ya unga, ndani limejaa mchanga, na katikati ya mchanga imezikwa betri imefura kama andazi. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, hii unaweza kuipasua utoe hewa?" Nilipiga ukelele mpaka muuza viatu wa jirani akaja mbio. "Usiipasue! Weka chini! Rudi nyuma!" Sidi akanitazama hivi, akasema, "Baba pia alipiga kelele hivyo hivyo. Nilitaka kujua kama ni yeye tu." Hapo hapo moyo wangu ukaenda na maji.

Nikauliza, hii si betri ya simu, ni ya nini? Akanieleza. Baba yake alikuwa fundi wa kusuka mota, mota za pampu na za feni, miaka na miaka. Mikono ilipoanza kutetemeka akaachana na pampu, akaingia kwenye ndege. Ndege ndogo, za umeme, za kurusha kwa rimoti. Mabawa alikata kutoka kwa yale maboksi meupe mepesi ya kuwekea samaki. Mota zilitumwa na Kazungu kutoka Doha. Nikasema moyoni, huyu mzee lazima nimwone. Nikadanganya kwamba betri ile inahitaji kurudishwa nyumbani na fundi mwenyewe, kwa usalama. Sidi alijua kwamba nadanganya. Anaikumbuka siku hiyo mpaka leo, na huniaibisha nayo mbele ya watoto.

Ulinipokea barazani ukiwa na fulana yenye matundu, ndege tatu zimening'inia juu ya kichwa chako. Hukuniuliza jina. Ulinitupia mota mkononi ukaniuliza, "Hii inataka propela gani?" Nikasema kubwa, baba, ili ivute vizuri. Ukaniuliza tena, "Na betri?" Nikasema yenye nguvu kabisa. Ukacheka mpaka ukakohoa. Ukamwita mama mkwe aje amwone mtu aliyeunguza mota bila hata kuwasha.

Ukanikalisha. Saa nzima, baba mkwe, saa nzima mtu hujamuuliza jina! Uliniambia watu wote huanza na mota, wanakwenda kununua ile yenye kelele kuliko zote, halafu ndipo watafute ndege ya kuitia. Ukasema anza na ndege. Ina uzito gani? Inataka kwenda mbio, au inataka kutembea angani taratibu kama mama mkwe akienda kanisani? Ukishajua hilo, chagua propela. Ndege ya taratibu hupenda propela kubwa izungukayo polepole. Ndege ya mbio hupenda ndogo izungukayo kwa kasi. Kisha ndiyo mota. Kila mota imeandikwa namba, ni mizunguko mingapi itazunguka kwa kila volti moja utakayoipa. Namba ikiwa kubwa, mota ina pupa, ipe propela ndogo. Namba ikiwa ndogo, mota ina subira, ipe kubwa. Betri ndiyo inayoamua volti ni ngapi, kwa idadi ya seli zilizomo ndani yake. Ukiongeza seli moja kwenye betri bila kupunguza propela, umeua mota na kontrola yake, yaani kile kidude kinachopima umeme kutoka betri kwenda kwenye mota.

Nikarudi kibandani na kichwa kimejaa. Usiku sikulala, nilikuwa nikizidisha volti na mizunguko, na katikati ya hesabu naona uso wa Sidi.

Nikawa nakuja kila Jumamosi. Mie nilizijua betri, wewe ulizijua mota, na Sidi, aliyekuwa akifanya kazi saiba, kwenye duka la intaneti, ndiye aliyetuagizia vifaa kwenye simu, na ndiye aliyetuambia "hamuna akili" tulipotaka kuagiza vilivyozidi. Ile mizani ya kupimia samaki uliyoipata kwa wavuvi, tuliifunga kwenye mkia wa ndege, ndege tukaiwasha ikiwa chini, ikavuta. Sindano ikipita uzito wa ndege yenyewe, unatikisa kichwa kwa furaha. Ndege ina gramu mia tisa, mizani imevuta elfu moja na mia moja, haya, hiyo itaruka. Halafu unagusa mota kwa kidole na kuhesabu mpaka tano. Kidole kikivumilia, sawa. Ukikitoa mbio, propela inapunguzwa inchi moja na tunaanza upya. Wale wavuvi walikuwa wakija kudai mizani yao, wanabaki hapo mpaka jua linazama, kila mmoja na shauri lake. Mmoja alishikilia kwamba ndege inataka kutiwa mafuta ya nazi. Hukumkatalia. Ulimwambia alete, mama mkwe akayapikia maharagwe.

Sasa tufike kwenye ile siku.

Ilikuwa wiki tatu kabla ya wazee wangu kuja kwako kuposa. Umeshajua nia yangu, nami najua kwamba umejua, lakini hakuna aliyetamka. Ulitengeneza ndege mpya, nyekundu, ile uliyosema ndiyo nzuri kuliko zote. Uwanja wa mpira wa shule umejaa watoto, walimu, mpaka mchungaji amekuja. Ukainama kufunga propela. Miwani yako, kama kawaida, iko mfuko wa shati, kwa sababu miwani kwako ilikuwa ya wazee na wewe hukuwa mzee. Propela ina maandishi upande mmoja, vinamba vidogo vya ukubwa wake, na maandishi hayo lazima yatazame mbele. Wewe uliyatazamisha nyuma.

Niliona. Nilisimama hatua mbili kutoka kwako, nikaona vinamba vinaniangalia mimi niliyekuwa upande wa mkia. Na propela ikifungwa kinyume huwezi kujua kwa haraka. Inazunguka, inapuliza, inavuma, lakini haivuti. Nusu ya nguvu inapotea hewani.

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Baba mkwe, wewe unajua nilivyolelewa. Kwetu mkwe hasemi mbele ya baba mkwe, sembuse mtu ambaye hata mkwe hajawa. Baba mkwe akila, hutazami mdomo wake. Akisema jua limechomoza magharibi, unaangalia magharibi. Nimkosoe mtu huyo mbele ya watoto, walimu na mchungaji, wiki tatu kabla ya posa? Nikajiambia ndege itaruka tu, ikishuka salama nitaigeuza propela mwenyewe kimyakimya.

Iliruka, naam. Ikanyanyuka kama mtu aliyebebeshwa gunia. Ukaongeza nguvu, ikaguna. Ukaongeza zote. Ndege imeng'ang'ania pale juu ya uwanja, haipandi, haishuki, mota inalia, umeme unamiminika bila kupumzika, na kontrola imefungiwa tumboni mwa ndege hakuna hata tundu la hewa. Nikaona uzi mwembamba wa moshi. Watoto wakashangilia, wakadhani ni madoido. Halafu kimya. Ndege nyekundu ikapinda, ikavuka ua, ikaenda kutua juu ya paa la makuti la choo cha jirani yako, na jirani yumo ndani.

Loo! Yule mzee alitoka ameshika suruali kwa mkono mmoja na ubawa kwa mkono mwingine, akauliza vita vimeanzia wapi. Mchungaji alicheka mpaka akakaa chini. Mie pia nilicheka, ili nifiche uso.

Wewe hukucheka. Uliichukua ndege, ukavaa miwani, ukatazama propela. Kisha ukanitazama mimi. Ulikuwa umekumbuka nilikuwa nimesimama wapi.

"Uliona?"

"Niliona, baba."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

Ukaitia ndege kwapani. Maneno uliyoniambia yalinikata maini. Ulisema, "Mwanangu ataishi na wewe. Siku moja nyumba itashika moto, na wewe utasimama mlangoni umeinamisha kichwa kwa heshima." Ukaenda zako. Sidi akaja kuniambia jioni ile kwamba umesema wazee wasije.

Walikuja. Ami yangu Karisa si mtu wa kuambiwa asije. Alisema mnazi umeshagemwa, na mnazi uliogemwa kwa posa haunywewi nyumbani. Tulipofika hapa, yeye na shangazi yangu na wazee wawili, aliniweka kando karibu na mlango akaninong'oneza, "Kazi yako leo ni kutazama vidole vya miguu yako. Ukifungua mdomo nakuacha huku huku, utarudi Vitengeni kwa miguu." Na ndivyo ada ilivyo, mwenye kuposa hasemi. Wanasema wazee wake. Nikakaa. Vidole vyangu vya miguu siku ile nilivijua vyote vizuri sana.

Mnazi ukawekwa, salamu zikazunguka, wazee wako wakauliza mmekuja na habari gani, wetu wakajibu kwa mafumbo ya kuku na ndama, mambo yanakwenda. Halafu katikati ya maneno ya watu ukainuka, ukaingia ndani, ukatoka na ndege. Ukaiweka juu ya meza, mbele ya mnazi. Wazee wakatazamana. Ami Karisa akadhani ni sehemu ya ada za Kuruwitu, akaipungia mkono.

Ukatoa mota. Niliijua kwa umbo lake, ile ndogo yenye pupa, mizunguko elfu moja na mia nne kwa volti moja. Hiyo inataka propela ya inchi nane, au tisa. Wewe ukachukua ya kumi na tatu ukaifunga. Nikatazama vidole vya miguu. Ukachukua betri, si ile ya seli tatu, ya seli nne. Kontrola imeandikwa ampea thelathini, na kwa mchanganyiko ule itavuta sitini, labda sabini, kabla hujamaliza kusema jina lako. Na meza ni ya mbao, na kitambaa cha meza ni cha nailoni, na mikono inayotetemeka inachukua waya mwekundu kuuchomeka.

"Baba, usichomeke!"

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilikuta nimesimama. Shangazi akanivuta shati, Ami Karisa akafumba macho kama aliyepigwa kofi. Mzee wako mmoja akasema, "Ala! Huyu naye?"

Ukaniuliza bila kunitazama, "Kwa nini?"

"Hiyo propela ni kubwa kwa mota hiyo, na betri imezidi seli moja. Kontrola itaungua, na wewe umeishika mkononi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Mbele ya wazee hawa, kwangu, siku ya kuja kumposa mwanangu, unasema nimekosea?"

Nikamwona Sidi dirishani, mkono kinywani. Nikasema, "Ndiyo, baba. Umekosea."

Kisha kutoka jikoni, kabla hujasema lolote, kabla hata mahari haijatajwa, mama mkwe akapiga vigelegele. Vigelegele, jamani! Wazee wakapiga kelele kwamba bado, bado, hapajakubaliwa kitu, yeye anaendelea tu. Nawe ukaachia kile kicheko chako cha kukohoa, ukanirushia betri ya seli tatu na propela ya tisa, ukasema, "Njoo ufunge wewe basi." Nikafunga, nikachomeka betri. Mita yako ya kupimia umeme ikasoma ampea ishirini na nne. Ukawaonyesha wazee mita, wakatikisa vichwa kana kwamba wote walikuwa mafundi, na Ami Karisa akasema kwa sauti kubwa kwamba ni yeye aliyenilea.

Mpaka leo sijui. Ulifanya makusudi? Au ni macho? Mama mkwe anasema siku ile miwani ilikuwa mfukoni. Sidi anasema ulivaa asubuhi yote ukichagua vifaa. Nilikuuliza mara nyingi, na kila mara ulinituma nikalete lehemu.

Basi tukaishi, baba mkwe. Miaka kumi na mmoja ya Jumamosi. Watoto walizaliwa, wakafundishwa kuhesabu kwa seli. Mjukuu wako mdogo akiona feni yoyote huuliza inakula ampea ngapi. Kazungu akija likizo tulikuwa watatu uwanjani, na yeye ndiye aliyekuwa rubani bora kati yetu, hilo nalisema mbele ya watu. Ulikuwa ukimpa rimoti unasema, "Shika, bwana mkubwa," na unakaa chini kwenye majani kumtazama, huitazami ndege, unamtazama yeye. Nilipenda kukuona hivyo. Tangu siku ya posa hatukuogopana tena, mimi na wewe. Nilikukosoa kila wiki nawe ulinikosoa kila siku, tukabaki na heshima zetu zote.

Sasa ni lile ambalo Kazungu hajui.

Ulipolazwa, daktari alisema moyo umechoka. Kila aliyeingia wodini alikwambia utapona. Mchungaji alisema, wazee walisema, Sidi wangu alisema huku ameuelekeza uso ukutani. Jioni moja tukabaki wawili tu, umewekewa mipira puani. Ukaniuliza, "Mkwe, nitatoka humu?" Nikajaribu kusema kama wenzangu. Ukanikazia macho. Nikakwambia, "Hapana, baba. Sidhani. Daktari ametuambia ni siku chache."

Ukafumba macho nikadhani umelala. Kumbe ulikuwa ukifikiri. Ukasema, "Ahsante. Basi nipeleke nyumbani, sitaki kufa natazama dari la watu." Ni wewe uliyesema, baba. Nilizungumza na daktari, nikatia sahihi zile karatasi kwa sababu mkono wako haukuweza, na ndiyo maana jina lililo pale ni langu. Shemeji yangu ameliona jina hilo, na hakuna aliyemwambia liliandikwaje.

Ulikaa nyumbani siku kumi na moja. Zilikuwa siku nzuri, wallahi. Ulikula samaki wa kupaka. Ulimwomba mama mkwe radhi kwa jambo ambalo yeye mwenyewe alisema alishalisahau, kisha akalia mpaka jioni. Uliwagawia wajukuu mota zako, kila mmoja na yake, ukawaandikia pembeni propela gani na betri gani, mwandiko umepinda lakini hesabu zote sawa. Jirani wa choo alikuja kukuona, mkacheka wawili mpaka nikaogopa.

Na kila jioni Kazungu alipiga simu. Alikuwa amebakisha miezi miwili mkataba wake uishe. Ukaniambia, "Usimwambie. Akijua ataacha kazi aje, atapoteza yote aliyoyafanyia kazi. Mwambie naendelea vizuri." Nami nikakushikia simu sikioni, kwa mkono huu, ukamwambia mwanao naendelea vizuri, nimetoka hospitali, nitakuwa uwanjani ukija. Akafurahi. Nilimsikia akicheka. Akaniomba anisemeshe, akaniuliza, "Ni kweli, shemeji?" Nikasema ni kweli. Mara kumi na moja nilisema ni kweli.

Nilijua si sawa. Nilisimama kando ya kitanda chako nikiona kabisa kwamba si sawa, na kila jioni nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilijiambia ni ombi la mgonjwa, ni wosia wa mkubwa, mimi ni nani. Baada ya mazishi Kazungu alipofoka, nikajiambia nikieleza nitakuwa namsingizia marehemu. Nikakuheshimu mwaka mzima, baba mkwe, na mwanao akabaki anaamini kwamba ama ni mimi niliyemficha, ama wewe hukumtaka.

Kwa hiyo nasema sasa, mbele ya mama mkwe na wazee na kila aliyekaa hapa. Baba, ulikosea. Kazi ingepatikana nyingine. Kazungu alikuwa na haki ya kuiacha na kuja kukushika mkono, na kama ungemwona akiingia mlangoni ungefurahi kuliko siku zote zile kumi na moja, najua, kwa sababu jina lake ndilo uliloliita asubuhi ya mwisho. Uliliita mara mbili. Hilo pia sikumwambia. Na mimi nilikosea kukushinda, kwani wewe ulikuwa mgonjwa na mie nilikuwa mzima.

Usinikasirikie kwa kulisema hadharani. Pumzika vizuri, mzee wangu, ukijua wajukuu wanazirusha zote na hakuna mota iliyoungua. Nikimaliza kusoma sitakaa. Nitasimama hapa hapa nimtazame shemeji usoni. Akija na ngumi nitaipokea, na akija na mikono miwili nitaipokea.

Mimi mkweo,
Katana wa Sidi